Mkono, Jicho na Mtandao: Maandalizi ya Mtihani wa Stadi za Upasuaji

Kuna mitihani ambayo mtahiniwa huifanya akiwa ameketi, kalamu mkononi, na kuna mitihani ambayo humtaka asimame, aoshe mikono na afanye kazi huku akitazamwa. Mtihani wa stadi za upasuaji ni wa aina hii ya pili. Daktari anayetaka kuhitimu katika fani ya upasuaji hutakiwa kuonyesha, mbele ya watahini, kwamba anaweza kumhoji mgonjwa, kulipapasa tumbo linalouma, kushona jeraha, kuwaeleza jamaa habari nzito na kuamua la kufanya damu inapovuja. Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya maandalizi ya mtihani huu imehamia katika intaneti: mihadhara, picha za viungo vya mwili, video za mikono ikifunga nyuzi, na mazoezi ya pamoja baina ya watu wakaao mbalimbali. Swali linalozuka hapa ni la kisayansi. Ni kitu gani hasa ambacho mtu aweza kujifunza kwa kutazama kioo cha kompyuta au simu, na ni kitu gani hakijifunziki ila kwa mkono wenyewe?

Swali hili lina uzito wake. Mwaka 2015 Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 5 hawawezi kupata huduma ya upasuaji iliyo salama na ya gharama wanayoimudu pale wanapoihitaji. Tume hiyo ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030. Nchi zilizo mbali na lengo hilo ndizo ambazo pia walimu wa upasuaji ni wachache. Kwa hiyo nchi hizo zina sababu kubwa zaidi ya kuutumia mtandao, na vilevile zitapata hasara kubwa zaidi endapo mtandao utawaletea madaktari hodari wa kueleza lakini wasioweza kutenda.

Mtihani wa vituo

Kabla ya kuzungumzia maandalizi, yafaa kuelewa mtihani wenyewe ulivyo. Zamani mtahiniwa wa tiba alipewa mgonjwa mmoja, akakaa naye kwa muda mrefu, kisha watahini wakamwuliza maswali juu ya mgonjwa huyo. Njia hii ilikuwa na kasoro kubwa: bahati. Aliyepewa mgonjwa mwenye maradhi ya wazi, aliyezoea kuhojiwa, alifaulu kwa urahisi. Aliyepewa mgonjwa mgumu pamoja na mtahini mkali aliweza kuanguka ingawa alijua mengi zaidi.

Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Scotland, waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya mtihani wa namna nyingine. Badala ya mgonjwa mmoja, waliweka vituo vingi. Mtahiniwa hutumia dakika chache katika kila kituo, kengele inalia, naye anahamia kituo kinachofuata mpaka amalize mzunguko wote. Katika kituo kimoja atapima mshipa wa damu wa mguu. Katika kingine atasoma picha ya eksirei. Katika cha tatu atamweleza mgonjwa hatari za upasuaji kabla ya kupata ridhaa yake. Watahiniwa wote hupitia kazi zilezile kwa muda uleule, na kila mtahini huwa na karatasi ya alama iliyotayarishwa mapema.

Mwanafunzi wa fizikia ataitambua mara moja hekima ya utaratibu huu. Anayepima urefu wa waya mara moja tu hana hakika na jibu lake. Anayepima mara kumi na kutafuta wastani hupunguza makosa yanayotokana na nasibu. Vituo vingi na watahini wengi ni vipimo vingi vya kitu kimoja, yaani uwezo wa daktari. Mgonjwa mkaidi au mtahini mkali katika kituo kimoja hawezi tena kuamua hatima ya mtu.

Utaratibu huo ulifaidika na uvumbuzi mwingine uliotangulia. Mwaka 1963, huko Los Angeles, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wazima wa afya kuigiza wagonjwa. Mwigizaji aliyefundishwa vema hulalamika maumivu yaleyale, mahali palepale, kwa kila mtahiniwa, wala hachoki kupapaswa kama mgonjwa halisi.

Leo mtihani wa vituo umeenea duniani. Katika sehemu zetu unatumiwa na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho kwa kifupi COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na ambacho makao yake makuu yako Arusha. Chuo hiki hakina madarasa wala mabweni; mafunzo yake hutolewa katika hospitali mbalimbali za nchi wanachama, ambako mwanafunzi hufanya kazi chini ya daktari bingwa. Mtahiniwa hufaulu kwanza mtihani wa kuandika, ndipo aitwe kwenye ule wa vitendo. Kwa kuwa wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi, masomo kwa njia ya intaneti yamekuwa sehemu ya mafunzo yao, yakisaidiwa na ushirikiano na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland.

Ngazi nne za ujuzi

Mwaka 1990 mwalimu wa elimu ya tiba wa Marekani, George Miller, alipendekeza kwamba ujuzi wa daktari utazamwe kama piramidi yenye ngazi nne. Ngazi ya chini ni kujua. Ya pili ni kujua namna ya kufanya. Ya tatu ni kuonyesha kwa vitendo mbele ya mtu anayepima. Ya nne, iliyo kileleni, ni kutenda katika kazi ya kila siku, bila ya kutazamwa.

Mfano wa dawa ya ganzi utasaidia kueleza tofauti hizi. Kujua ni kukumbuka kwamba lignokeini isiyochanganywa na adrenalini, kwa mujibu wa vitabu vingi vya Uingereza, isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Kujua namna ya kufanya ni kuweza kukokotoa: mgonjwa wa kilo 60 asipewe zaidi ya miligramu 180, na kwa kuwa dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kikomo chake ni mililita 18. Kuonyesha ni kuivuta dawa hiyo katika bomba la sindano, kuisoma chupa kwa sauti, kuchoma sindano ukingoni mwa jeraha, na kurudisha kidogo mchi wa bomba ili kuhakikisha kwamba ncha haikuingia katika mshipa wa damu kabla ya kuisukuma dawa. Kutenda ni kufanya hayo yote saa nane za usiku, mgonjwa akipiga kelele na umeme ukikatikakatika.

Mtihani wa kuandika hupima ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo hupima ngazi ya tatu. Hapo ndipo lilipo jambo linalosahauliwa na watahiniwa wengi: mtu aweza kupanda ngazi mbili za kwanza akiwa peke yake mbele ya kioo, lakini ngazi ya tatu haipandwi kwa macho matupu.

Yale ambayo mtandao hufundisha vizuri

Haitakuwa haki kuudharau mtandao. Yako mambo mengi ambayo huyafundisha vizuri sana, pengine kuliko mhadhara wa darasani.

La kwanza ni maarifa na hesabu, kama ilivyoelezwa juu ya ganzi. La pili ni utambuzi wa picha. Mwanafunzi wa hospitali ya wilaya aweza kukaa miezi mingi bila ya kukutana na ugonjwa fulani wa ngozi au picha fulani ya eksirei. Kwa mtandao anaweza kuona mifano kadhaa kwa jioni moja na kuipambanua.

La tatu ni mpangilio wa fikra. Tangu mwaka 1978 madaktari wengi hufundishwa kumshughulikia majeruhi kwa utaratibu maalumu: kwanza njia ya hewa, pili upumuaji, tatu mzunguko wa damu, nne fahamu, tano kumfunua na kumkagua mwili mzima. Sababu ya mpangilio huu ni kwamba kinachoua upesi zaidi hutangulia. Aliyeziba koo hufa kabla ya yule anayevuja damu kidogo kidogo mguuni. Mpangilio kama huu hujifunzwa vizuri kwa maswali ya mtandaoni yanayomletea mwanafunzi kisa kipya kila mara na kumdai aamue.

Hali kadhalika kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kipimo hiki hutoa alama 1 hadi 4 kwa kufumbua macho, 1 hadi 5 kwa usemi, na 1 hadi 6 kwa mwendo wa viungo. Majeruhi anayefumbua macho tu akiitwa hupata 3. Akiwa anazungumza lakini amechanganyikiwa hupata 4. Akitii agizo la kuinua mkono hupata 6. Jumla yake ni 13 kati ya 15. Baada ya kutazama na kukadiria visa vingi katika video, mtahiniwa huzoea kutoa jibu sahihi bila ya kusita.

La nne, ambalo huenda likamshangaza msomaji, ni mazungumzo. Vituo vingi vya mtihani hupima ulimi: kuomba ridhaa, kueleza kosa lililotokea, kumpigia simu daktari bingwa na kumpa taarifa fupi inayoeleweka. Watahiniwa wawili, mmoja Mwanza na mwingine Lusaka, wanaweza kukutana kwa simu ya video, mmoja akawa mgonjwa na mwingine daktari, kisha wakabadilishana. Ikiwa wapo watatu, wa tatu hushika saa na karatasi ya alama. Zoezi hili halihitaji kifaa chochote zaidi ya simu, na kwa vituo vya mazungumzo ni karibu sawa na mtihani wenyewe.

Yale ambayo mtandao hauyafikishi

Hata hivyo kuna mpaka. Kioo hupeleka nuru na sauti, hakipeleki mguso. Tumbo la mtu mwenye kidole tumbo kilichovimba hukaza misuli chini ya vidole vya daktari, hasa katika sehemu iliyo theluthi moja ya njia kutoka mfupa wa nyonga wa kulia kuelekea kitovuni, aliyoieleza Charles McBurney mwaka 1889. Mwanafunzi aweza kuijua sehemu hiyo kwa picha, lakini ule ugumu wa misuli, ambao huamua kama mgonjwa apasuliwe usiku huo au angoje asubuhi, haumo katika picha. Vivyo hivyo daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, alipochapisha mwaka 1761 njia yake ya kugonga kifua kwa vidole, alikuwa akisikiliza mlio wa kifua kilichojaa maji. Mlio huo waweza kurekodiwa na kusambazwa. Lakini anayegonga huhisi pia ukinzani chini ya kidole, na hisia hiyo hubaki kwake peke yake.

Suala la kufunga nyuzi limechunguzwa kwa majaribio. Mwaka 1998 David Rogers na wenzake huko Marekani waliyachapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa tiba waliwekwa katika makundi mawili. Kundi moja lilijifunza kufunga fundo la upasuaji kwa programu ya kompyuta. Jingine lilipata mhadhara na mazoezi huku walimu wakiwasahihisha. Mwishoni idadi ya waliofaulu kufunga fundo sahihi haikutofautiana, wala muda walioutumia. Lakini watahini walipoitazama namna kazi ilivyofanywa, kundi la kompyuta lilipata alama za chini zaidi. Fundo lilikuwapo, ufundi ulipungua.

Matokeo hayo ni rahisi kuyaelewa kwa mtu aliyewahi kufunga mzigo. Kuna fundo ambalo ncha za kamba hupishana kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, nalo hushika. Na kuna fundo ambalo ncha hupishana upande uleule mara mbili, nalo huteleza. Kwa macho ya asiyezoea mafundo haya mawili hufanana. Anayejifunza peke yake aweza kurudia fundo la pili mara mia mbili, akazidi kuwa mwepesi katika kosa lake. Mazoezi hayachagui: huimarisha kosa kama yanavyoimarisha usahihi. Kazi ya mwalimu ni kulikamata kosa kabla halijawa mazoea.

Jaribio jingine, lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2007 na George Xeroulis na wenzake, linaongeza jambo muhimu. Wanafunzi wasio na uzoefu waliofundishwa kushona na kufunga nyuzi waligawanywa: wengine walitumia video za kompyuta, wengine walisahihishwa na bingwa papo kwa papo wakati wakifanya, wengine walisahihishwa baada ya kumaliza. Baada ya mwezi mmoja, waliotumia video na waliosahihishwa mwishoni walikuwa wamehifadhi stadi vizuri zaidi kuliko waliosahihishwa papo kwa papo. Kwa mtazamo wa kwanza jaribio hili linapingana na lile la mwaka 1998, lakini yote mawili yanaweza kupatanishwa. Masahihisho ni ya lazima. Lakini anayeingiliwa kila mara humtegemea mwalimu badala ya kujitegemea. Anayefanya hadi mwisho, kisha akalinganisha kazi yake na mfano ulio sahihi, hujifunza kujikosoa. Video husaidia pale inapotumiwa kama kioo cha kulinganisha kazi iliyofanywa, nao mkono ukiwa na uzi.

Namna ya kuyapanga mazoezi

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, maandalizi mazuri yanaweza kupangwa kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, mazoezi yatawanywe katika siku nyingi. Mwaka 2006 Carol-Anne Moulton na wenzake wa Toronto waliwachukua madaktari 38 waliokuwa wakianza mafunzo ya upasuaji na kuwafundisha kuunga mishipa midogo ya damu. Nusu yao walipata vipindi vinne kwa siku moja. Nusu nyingine walipata vipindi vilevile vinne, kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadaye walipimwa, pamoja na kuunga mshipa wa panya hai aliyetiwa usingizi. Waliofundishwa kila wiki walifanya vizuri zaidi, ingawa jumla ya mafunzo ilikuwa ileile. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kilichojazwa kwa pupa humwagika.

Pili, mkono uwe na kazi kila video inapotazamwa. Vifaa vya gharama si vya lazima. Fundo hufungwa kwenye mguu wa kiti. Kushona hufanywa juu ya ganda la ndizi au ngozi ya kuku kutoka jikoni. Ganda la ndizi lina faida yake, kwani huchanika mara moja uzi unapovutwa kwa nguvu, likamfundisha mwanafunzi upole ambao nyama ya binadamu huuhitaji.

Tatu, mwanafunzi ajipige picha ya video kwa simu, kamera ikielekezwa mikononi tu, kisha aitume kwa mwalimu aliye mbali. Mwalimu haimpasi kuwapo saa ileile. Aweza kuitazama jioni na kujibu kwa maneno machache. Kwa njia hii mtandao hubeba kile kilicho adimu kuliko vyote, yaani jicho la fundi.

Nne, saa itumike tangu mapema. Mtahiniwa anayeweza kushona vizuri kwa nusu saa bado hajawa tayari kwa kituo cha dakika tisa. Tano, sehemu ya kupapasa na kusikiliza ifanywe wodini, kwa wagonjwa walioridhia, chini ya uangalizi. Haina badala yake.

Kituo kimoja kwa undani

Chukulia kituo cha kushona jeraha. Mtahiniwa anaingia, mezani pana kipande cha ngozi ya bandia kilichochanwa, na pembeni ameketi mwigizaji aliye kama mwenye jeraha. Mtahiniwa hujitambulisha, huuliza jina la mgonjwa, huuliza kama ana mzio wa dawa, na lini alichanjwa pepopunda. Husafisha mikono: kwa maji na sabuni Shirika la Afya Duniani hutaja sekunde 40 hadi 60, na kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30. Huchunguza hisia na mwendo wa vidole kabla ya kutia ganzi, kwa sababu baada ya ganzi haitajulikana tena kama neva ilikatwa na kisu au imelazwa na dawa.

Ndipo ashike sindano kwa koleo, theluthi mbili kutoka ncha yake. Ncha huingia ngozini kwa pembe mraba, kisha kiganja huzungushwa kufuata mviringo wa sindano, itokee upande wa pili kwa umbali sawa na ilipoingilia. Uzi hukazwa hadi kingo za jeraha zikutane, si zaidi ya hapo; ukikazwa mno, damu haifiki na nyama hufa. Fundo huwekwa kando ya jeraha, si juu yake. Mwisho, mtahiniwa mwenyewe huitupa sindano katika sanduku la vitu vyenye ncha kali; hamwachii mtu mwingine.

Msomaji akihesabu ataona kwamba takriban nusu ya hatua hizi ni za maarifa, mpangilio na maneno, ambazo zingeweza kujifunzwa mtandaoni. Nusu nyingine ni ya koleo, kiganja na uzi. Aliyejiandaa kwa kutazama tu huanza kwa ufasaha na kukwama anapoishika sindano. Aliyejiandaa kwa mkono tu hushona vizuri, lakini husahau kuuliza habari ya pepopunda.

Je, hatua ndogo zina maana?

Baadhi ya watu hulalamika kwamba mtihani wa namna hii huwafanya madaktari kuwa waigizaji: kusalimu kwa sababu ya alama, kuosha mikono kwa sababu ya alama. Lalamiko hili lina ukweli kidogo. Mtahiniwa aliyekariri karatasi ya alama aweza kumsalimu mgonjwa bila ya kumtazama usoni, na watahini wenye uzoefu huliona jambo hilo.

Lakini hatua ndogo zenyewe si maigizo. Ushahidi ulio wazi ulipatikana kwa sehemu hapahapa Tanzania. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya usalama katika upasuaji, inayowataka wahudumu wahakikishe kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, mzio, dawa za kuzuia vijidudu, na idadi ya vitambaa na sindano kabla ya mgonjwa kutolewa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, zikiwamo za Seattle, London, New Delhi na Manila, pamoja na hospitali ya Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8 ya wagonjwa, na matatizo makubwa yakapungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Hapakuletwa mashine mpya wala dawa mpya. Kilichobadilika ni kwamba yale ambayo kila mtu aliyajua yalianza kutendwa kila mara.

Hiyo ndiyo maana ya ngazi ya tatu na ya nne katika piramidi ya Miller. Kati ya kujua na kutenda pana ufa, na katika upasuaji ufa huo hupimwa kwa maisha ya watu.

Tahadhari mbili zafaa kutajwa. Si kila video iliyo katika intaneti imetoka kwa mtu mwenye ujuzi; mwanafunzi atafute zile za vyuo vya upasuaji na vyuo vikuu vinavyojulikana, na alinganishe na kitabu. Pia picha za wagonjwa zisirushwe mtandaoni ovyo. Mgonjwa aliyeridhia kupapaswa kwa ajili ya mafunzo hakuridhia kutazamwa na dunia nzima.

Somo kwa shule za sekondari

Ingawa habari hizi ni za madaktari, kanuni zake hazikomei hospitalini. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeisoma titresheni katika kitabu, au kuitazama katika simu, anaijua fomula na rangi ya kiashiria. Lakini anaposimama mbele ya bureti kwa mara ya kwanza hugundua kwamba mkono wake hufungua koki kupita kiasi, na kwamba jicho lake husoma kipimo kutoka juu badala ya usawa. Shule yenye bureti chache inaweza kuwatayarisha wanafunzi kwa picha na maelezo kabla ya zoezi, ili muda mfupi wa maabara utumike kwa mikono pekee. Inaweza kuligawa zoezi katika vituo, kila kundi likazunguka kwa kengele. Na inaweza kurudia zoezi fupi kila wiki badala ya kungoja juma la mwisho kabla ya mtihani.

Katika hayo yote mwalimu bado ana nafasi yake. Mtandao umempunguzia kazi ya kusimulia yale yanayoweza kuandikwa na kuchorwa, ukamwachia kazi iliyo ngumu zaidi na ya thamani zaidi: kuutazama mkono wa mwanafunzi mmoja mmoja, kuliona kosa lingali changa, na kulisahihisha. Daktari atakayeshona jeraha la mtoto wa mkulima miaka 15 ijayo huenda leo yuko kidato cha pili, akijifunza kusoma kipimo cha maji katika silinda. Akizoezwa sasa kulinganisha kazi yake na mfano sahihi na kujikosoa bila ya kungoja kukemewa, atakuwa ameanza kujiandaa kwa mtihani huo wa vituo kabla hajausikia jina lake.